Wanawake Wenye Nyumba: Kutoka Pangani hadi Kambi Moto

Mwaka 1938 Manispaa ya Nairobi ilianza kukibomoa kijiji cha Pangani. Nyumba zake zilikuwa za udongo na miti, nyingine zimeezekwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na serikali ilikuwa imekiita kijiji hicho uchafu kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Wenyeji walihamishiwa mitaa miwili ya mashariki ya mji, Pumwani na Shauri Moyo. Wenye nyumba walioondolewa waliahidiwa makao mapya ya kudumu Shauri Moyo, ila kwa sharti moja: mtu akae humo mpaka kufa kwake, na akifa nyumba irudi kwa manispaa. Asimwachie mtoto, asimwachie ndugu, asimwachie mtu yeyote.

Miongoni mwa waliosomewa sharti hilo walikuwamo wanawake wengi. Walikuwa wamejenga kwa fedha zao, hawakuwa na waume, na hakuna baba wala kaka aliyewasaidia kununua hata mti mmoja wa nguzo. Tangu nilipoanza kuisoma historia ya makazi ya Nairobi, hilo ndilo jambo lililonishika kuliko yote. Nyundo iliyovunja kuta haikuwa adhabu kubwa, kwa maana ukuta wa udongo hujengwa upya. Kilichovunjwa na kisijengwe tena kilikuwa haki ya mwanamke maskini kumwachia mwenzake alichochuma.

Ili kuelewa walichochuma na namna walivyokichuma, turudi nyuma miaka arobaini.

Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na ilifika katika nchi iliyokuwa inakufa. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe katika miaka ya 1890. Baada ya sotoka ukaja ukame, nzige, ndui, na njaa kuu ya 1898 hadi 1900 iliyowamaliza watu wengi wa Ukambani, Kikuyu na Umasaini. Katika jamii za wafugaji na wakulima, mahari ilikuwa mifugo, na mifugo ilipokwisha mambo mengi yalikwisha nayo: ndoa, mirathi, na hifadhi ya binti kwa wazazi wake. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ikaleta kodi ya vibanda. Familia iliyopoteza ng'ombe sasa ilidaiwa rupia.

Wasichana na wanawake walianza kuingia mjini. Wengine walipeleka nyumbani kila walichopata ili baba anunue mbuzi, kisha ng'ombe, na zizi lirudi kuwa zizi. Wengine walifika wakiwa wamekata shauri la kutorudi. Hao wa pili ndio wanaotuhusu hapa, maana ndio waliojenga.

Kazi zilizokuwapo kwa mwanamke Mwafrika katika Nairobi ile zilihesabika kwa vidole. Ofisini hakuajiriwa. Jikoni kwa Wazungu kazi ya upishi na usafi ilikuwa ya wanaume. Zilibaki kuuza mboga, kupika pombe, na kupokea wanaume chumbani. Mwanahistoria Luise White, aliyezungumza na wazee wa Pumwani na mitaa ya jirani katika miaka ya 1970 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1990, alieleza vizuri kilichokuwa kinauzwa katika vyumba vile. Mwanamume aliyetoka kuchimba mitaro au kubeba mizigo stesheni alipata maji ya moto ya kuoga, chai, chakula, kitanda safi na mtu wa kuzungumza naye. Mwajiri alimlipa mshahara wa kulisha tumbo moja na hakumpa mahali pa kuishi na mke. Kazi yote ambayo mwajiri na serikali walikataa kuilipia, ya kumrudisha mtu kazini asubuhi akiwa na nguvu, ilifanywa na wanawake hao. Maofisa wenyewe walilijua hilo na waliliandika katika barua zao: kuwaacha wanawake hao kulikuwa rahisi kuliko kujenga nyumba za familia.

Watu waliwaita malaya, na jina hilo limewafunika hata wasionekane walikuwa nani zaidi ya hapo. Walikuwa wajenzi wa mji. Mwanamke alipanga chumba, akaweka akiba, akanunua haki ya kiwanja katika mojawapo ya vijiji vya Waislamu vilivyouzunguka mji: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa. Akajenga nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, ua nyuma. Akakaa katika chumba kimoja na kupangisha vingine. Siku ile kodi ya kwanza ilipoingia mkononi mwake, alikuwa ameanza safari ya kutoka katika kazi iliyomleta. Nyumba ilimfanyia kazi ambayo mwili wake usingeweza kuifanya milele. Uzeeni, mwanamke asiye na mume wala shamba hana pensheni nyingine.

Wengi wao walisilimu. Imani ilikuwapo, na sipendi kuidharau imani ya mtu kwa kuihesabu kama hila ya kupata mali. Lakini Uislamu uliwapa pia vitu ambavyo mji haukuwapa: jamaa wa kuwazika, ngoma na sherehe za pamoja, heshima ya kuitwa mama au bibi katika mtaa. Uliwapa na jambo la kisheria. Katika fiqhi, asiyekuwa Mwislamu hamrithi Mwislamu. Binti wa Kikuyu au wa Kimasai aliyesilimu alikuwa ameweka uzio kati ya nyumba yake na ndugu wa kiume waliobaki kijijini, ambao kwa mila za kwao wangeweza kudai kila alichoacha. Mwanasosholojia Janet Bujra, aliyefanya utafiti Pumwani, aliandika mwaka 1975 jinsi wanawake hao walivyojitengenezea ukoo mpya: walilea mabinti wa wenzao, wakawafanya warithi, na nyumba zikapita kutoka mikononi mwa mwanamke mmoja hadi kwa mwingine.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vyetu vya shule vimelipita haraka. Tunafundishwa kwamba mwanamke wa Kiafrika alianza kumiliki mali baada ya elimu na Uhuru. Katika miaka ya 1930, karibu nyumba nne katika kila nyumba kumi za Pumwani zilikuwa mali ya wanawake. Sijui mtaa mwingine wa Nairobi ya leo unaoweza kujisifu kwa hesabu hiyo.

Serikali haikuukubali mji wa namna hiyo. Tangu mwanzo ilikuwa imeuona mji kama mahali pa Mzungu, Mhindi akivumiliwa, Mwafrika akipita njia. Tauni ilipozuka mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Mwaka 1913 Profesa Simpson, bingwa wa afya aliyeletwa kutoka Uingereza, alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi, na afya ikawa jina la heshima la ubaguzi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaja mfumo wa kipande, yaani hati ya kazi, uliomfunga kila mwanamume Mwafrika kwa mwajiri wake. Wanawake hawakubeba kipande. Hilo liliwapa nafasi ndogo ya kupumua, na liliwafanya watu wa kushukiwa: wako mjini, hawana bwana wa kuwaandika, basi wanafanya nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ilifungua mtaa mmoja wa Waafrika, Pumwani, ambao wenyeji mpaka leo wanauita Majengo. Manispaa ilipima viwanja, ikaweka vyoo na maji, na watu wakajenga wenyewe. Vijiji vya Mombasa, Maskini na Kaburini vikabomolewa. Pangani ikasalimika kwa miaka kadhaa zaidi, kwa sababu ya gharama tu. Wakati huohuo upikaji wa pombe nyumbani ulipigwa marufuku, na manispaa ikafungua kilabu chake Pumwani na kuiuza yenyewe. Fedha iliyokuwa inaingia katika sufuria za wanawake ikaingia katika hazina ya mji.

Ni katika miaka hiyohiyo, tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai mwanasiasa Harry Thuku, aliyekuwa amekamatwa, afunguliwe. Moja ya malalamiko aliyoyapigania Thuku ni kulazimishwa kwa wasichana na wanawake kufanya kazi za sulubu barabarani. Wanaume waliotumwa kuzungumza na serikali walirudi na kuwaambia watu watawanyike. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama, akawavua heshima wanaume hao kwa kuinua nguo yake mbele ya macho yao, na kuwataka wampe suruali zao kama hawathubutu. Wanawake wakapiga vigelegele na kusonga mbele. Risasi zikafyatuliwa. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 21 waliouawa, walioshuhudia walitaja wengi zaidi, na Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Historia ya siasa huitaja siku hiyo kama mwanzo wa madai ya ardhi na uhuru. Katika historia ya makazi sioni sababu ya kuitenga: wanawake wa Nairobi walikuwa wanaupigania mji ambao sheria ilisema si wao.

Pumwani, basi, ilikuwa ushindi nusu. Mwanamke aliweza kujenga, lakini ardhi ilikuwa ya manispaa, naye alikaa juu yake kwa kibali cha muda. Hata hivyo alijenga, na akaweza kurithisha. Ndipo yakaja ya 1938. Maofisa walikuwa wamejifunza kitu kutoka Pumwani: nyumba ya udongo iliyo mikononi mwa mtu binafsi huzaa jamii, huzaa wazee wenye sauti, huzaa warithi. Shauri Moyo ilijengwa na manispaa yenyewe ili isizae kitu. Mwenye nyumba wa Pangani akageuzwa mpangaji wa maisha. Alipata ukuta imara zaidi ya ule aliobomolewa, na akapoteza kila kilichokuwa kinaufanya ukuta kuwa mali. Ramani za vizazi vilivyofuata zimejaa biashara ya namna hiyo: mpe maskini kitu kizuri zaidi ambacho si chake.

Vita vya Pili vya Dunia vilijaza mji kupita kiasi. Vyumba vya Majengo vilipangishwa kwa vitanda. Kizazi kingine cha wanawake kilikuwa kimeanza kufika, wakiwamo Wahaya kutoka Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, waliofanya kazi ileile kwa hesabu nyingine: fedha zao walizirudisha kwao kununua vibanja vya migomba na kahawa. Hao hawakutaka nyumba Nairobi. Walitaka ardhi nyumbani, na wengi walifaulu kuipata.

Serikali ilipoanza kujenga nyumba za familia, Kaloleni katika miaka ya 1940, kisha Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho katika miaka ya 1950, familia ilimaanisha mume mwenye kazi na mke wake. Nyumba ilitolewa kwa jina la mfanyakazi. Mwanamke aliingia kwa jina la mwanamume na akatoka mwanamume alipofariki, alipofukuzwa kazi au alipomchoka. Mjane, aliyeachwa, asiyeolewa, wote hawakuwamo katika fomu.

Vijijini nako mlango ulikuwa unafungwa. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya vita vya Mau Mau, mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikusanya vipande vya mashamba ya Mkoa wa Kati na kuviandikia hati. Hati ziliandikwa majina ya wanaume. Haki ambayo mwanamke alikuwa nayo ya kulima kipande fulani kwa sababu ni mke, ni mjane au ni binti aliyerudi nyumbani, haikuwa na safu katika kitabu cha serikali, na kisichokuwa na safu kilikufa. Aprili mwaka huohuo Operesheni Anvil ilizingira Nairobi na kuwapeleka maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kizuizini. Vibanda vya bonde la Mathare, mjini humo, vilifyekwa. Hali ya Hatari ilipokwisha mwaka 1960, waliorejea Mathare kwa wingi walikuwa wanawake waliopoteza waume au mashamba, wengine vyote viwili.

Walipika busaa. Mwanaanthropolojia Nici Nelson, aliyefanya utafiti Mathare katika miaka ya 1970, aliandika jinsi biashara ile ilivyosimama juu ya mtandao wa wanawake. Walinunuliana pombe kwa jumla ili mmoja apike leo na mwingine kesho. Walikopeshana, walileleana watoto. Polisi walipomkamata mmoja, wenzake walichanga faini. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wataalamu wa maendeleo huwa wanawaendea wanawake wa mitaa ya mabanda kuwafundisha kuunda vikundi, kana kwamba mtu anaweza kuishi Mathare wiki moja bila kikundi.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wa Mathare walianza kuunda makampuni ya kununua ardhi waliyoikalia. Kila mmoja alinunua hisa, wanawake wakiwamo. Hapa ninaona mtego ambao sijaacha kuuogopa. Kampuni ilihitaji fedha zaidi ya zilizokuwa mikononi mwa wapika busaa, ikawafungulia milango watu wa nje wenye mishahara, na hao wakataka faida. Yakajengwa mabanda marefu ya mbao, chumba baada ya chumba, ya kupangisha. Wengi walioanza kama wamiliki watarajiwa waliishia wapangaji wa wenzao. Maskini walikuwa wameingia kwenye soko la nyumba wakiamini umoja utawalinda, na soko likauliza nani ana fedha.

Mradi wa Dandora, katikati ya miaka ya 1970, ulijaribu njia nyingine. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, halmashauri ya jiji ilipima viwanja 6,000, ikaweka maji, choo na mfereji wa maji taka katika kila kimoja, na kumwachia aliyepewa ajenge mwenyewe. Safari hii mwanamke aliyekuwa mkuu wa kaya aliruhusiwa kuomba kwa jina lake. Wengi waliopata walikosa fedha za kujengea. Baadhi yao waliunda vikundi vya ujenzi: kila mwezi kila mmoja alitoa mchango, na fedha zikajenga chumba cha mmoja, kisha cha mwingine, mpaka wote wakapata. Hata hivyo wapo walioshindwa wakauza, na wanunuzi wa nje walikuwa wanasubiri.

Mei 1990 mabanda ya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, yalivunjwa kwa mabavu. Bomoabomoa za miaka ile zilikuwa zimefungamana na unyakuzi wa ardhi ya umma na wakubwa wa siasa, na kutoka katika upinzani huo ndiko kulikozaliwa Muungano wa Wanavijiji mwaka 1996. Ulianza kwa kuzuia matingatinga na kwenda mahakamani. Baadaye uliongeza silaha mbili za kimyakimya: kuweka akiba kila siku na kuwahesabu watu. Akiba ilishikwa na wanawake hasa, kwa shilingi kumi, kwa shilingi ishirini. Hesabu ilifanywa na wanakijiji wenyewe, mlango kwa mlango, ili siku ya mazungumzo na halmashauri wasiambiwe kwamba idadi yao haijulikani.

Kambi Moto, kijiji kidogo cha Huruma, ndiko mbinu hizo zilipozaa nyumba. Ardhi ilikuwa ya halmashauri. Swali gumu lilikuwa kati ya wanakijiji wenyewe: kuna waliomiliki mabanda kadhaa, na kuna waliopanga ndani yake. Nani apate? Baada ya mabishano marefu walikubaliana kwamba kila aliyehesabiwa akiishi hapo, mpangaji na mwenye banda, apate kiwanja kimoja chenye ukubwa sawa. Kiwanja kilikuwa kidogo mno, mita nne na nusu kwa mita nne na nusu, kwa hiyo nyumba zikapanda juu badala ya kutanuka. Wenyewe walitengeneza vipande vya zege vya dari, wanawake wakichanganya na kumimina, na tangu 2003 nyumba zikaanza kusimama moja baada ya nyingine kadiri akiba ilivyoruhusu.

Mwanamke aliyekuwa mpangaji katika banda la mtu mwingine alipata pale haki sawa na ya mwenye banda. Pangani haikuwa na hilo. Wanawake wa Pangani walishinda mmoja mmoja, na ushindi wa kila mmoja uliwahitaji wapangaji wa kumlipa. Nawaheshimu sana, lakini sidhani mji mzima unaweza kujengwa hivyo.

Katiba ya 2010 imeandika katika ibara ya 43 haki ya kila mtu kupata makazi ya kutosha, na katika ibara ya 60 imetaka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi uondolewe, uwe wa sheria au wa mila. Mwaka 2017 kaunti ya Nairobi iliutangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na mpango wa kaya 100,000 hivi ukaandaliwa na wakazi na wataalamu kwa pamoja. Mwaka 2024 ikapitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na kuwatoza pia wasio na mwajiri. Mama wa genge la mboga naye yumo katika sheria hiyo. Pangani na Shauri Moyo zimo katika orodha ya mitaa ambako nyumba kuukuu za manispaa zimepisha au zinapisha maghorofa mapya.

Anayetaka nyumba hizo hujisajili, huweka amana, kisha hulipa kila mwezi kwa miaka mingi. Mshahara wa kila mwezi ndio unaofanya hesabu hiyo iwezekane, na mama wa genge hana mshahara. Ana kikundi, kama alivyokuwa nacho yule wa Mathare na yule wa Dandora. Sheria inaweza kukitambua kikundi hicho kama mnunuzi, ikakubali malipo ya kila siku au ya msimu, ikawahesabu wapangaji kabla ya tingatinga kuwasha injini kama walivyofanya Kambi Moto, na ikaandika wazi katika kila mkataba nani atabaki ndani mama huyo akifariki kabla ya kumaliza kulipa.